Mwizi wa Upepo Wangu

Jumatatu, tarehe 6

Leo nimeshuka njia ya mlima wa tangi la maji, kutoka juu mpaka chini, bila kugusa breki hata mara moja. Mzee wa umri wangu! Andika hilo, kalamu.

Sawa. Breki niligusa. Sawa, nilizibana zote mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Na kile kipande cha mwisho, chenye mawe, nilikishuka kwa makalio, baiskeli ikinifuata nyuma kama mtu mwenye madai. Lakini chini nilifika.

Mke wangu aliiona suruali. Akaiinua, akanichungulia kupitia tundu, akatoa hukumu: nikianguka tena, mara moja tu, baiskeli inarudi kwa mkwe wetu aliyenipa. Akasema, mara moja, Baba Watoto, na usije kunililia. Mkwe mwenyewe alikuwepo, anakunywa chai yangu. Akatazama chini. Kwa nini atazame chini? Chini kuna nini?

Kisha akajikohoza, akasema Baba, tatizo lako ni upepo. Eti matairi haya ya milimani, yenye meno, hayajazwi kama ya lori. Eti nimejaza hamsini kwenye kipimo, ndiyo maana yanadunda kwenye kila jiwe. Kwa uzito wangu niweke ishirini na sita mbele na ishirini na nane nyuma, tairi lilale kidogo juu ya jiwe, lishike. Akaniachia kipimo chake cha upepo nijipimie.

Nimewaza sana. Mtu anayetaka baiskeli yake irudi ananishauri nipande matairi legelege. Shule niliiacha kabla mwalimu hajafika kwenye desimali, lakini hesabu hii nimeipata.

Nimejaza hamsini na tano. Mbele na nyuma.

Jumanne, tarehe 7

Kinyozi wa mtaani ameanza uchokozi. Ametangaza dukani kwake, mbele ya wateja wenye sabuni mashavuni, kwamba Jumamosi wazee wote tukishindana kushuka mlima wa tangi, yeye ataniacha nikihesabu mawe. Amesema nashuka kama gunia la viazi. Nikamjibu aombe Mungu gunia lisimporomokee yeye. Wateja wakacheka. Mmoja alicheka wembe ukiwa shingoni. Amepona.

Nikarudi nyumbani kupima. Hamsini na tatu! Nikapima tena ili nisimwonee mtu. Hamsini na mbili! Jioni, hamsini kasoro.

Kuna mtu anatoa upepo kwenye matairi yangu.

Mke wangu akaniuliza ile pssst inayosikika kila nikikibandika kipimo kwenye valvu ni ya nini. Nikamweleza kwamba ni kipimo kinapumua. Vyombo vya kisasa vinapumua. Akasema ahaa. Hiyo ahaa yake siipendi hata kidogo.

Jumatano, tarehe 8

Nimepima kabla ya chai, baada ya chai, na Kinyozi alipopita barabarani akipiga mluzi. Arobaini na tatu. Mluzi ule haukuwa wa bure.

Mtu mwingine angejaza upya. Mimi siyo mtu mwingine. Huu sasa ni ushahidi, na ushahidi haujazwi.

Nikamwaga majivu kuizunguka baiskeli pale ukumbini, mtego safi. Nikaenda kulala kidogo. Nilipoamka nikapima, nikarudi nyuma, nikainama kukagua. Nyayo! Kubwa, za ndara, kisigino kimelika upande wa kushoto.

Ndara zangu zimelika upande wa kushoto.

Kwa hiyo mwizi anavaa ndara zangu! Jasiri wa ajabu. Nimeingia nazo kitandani, mke wangu amehamia kwenye kochi.

Alasiri nikaiacha baiskeli juani makusudi, nikakaa dirishani nyuma ya pazia. Hakuja mtu. Nikapima: upepo umeongezeka! Ameurudisha kidogo. Dhamiri imemchoma. Au jua limemchoma, sijui, kulikuwa na joto kali hata rimu haishikiki.

Alhamisi, tarehe 9

Baiskeli imehamia sebuleni. Mke wangu ameuliza kama na mimi nahamia ukumbini. Mtu akiuliza hivyo anataka jibu gani?

Kinyozi amekuja, eti kunijulia hali. Tangu lini? Nikapima kabla hajakaa. Akakaa mbali, amekunja mikono. Nikapima akiwa anaongea. Nikapima alipoaga. Thelathini na tano! Mbele ya macho yangu! Na valvu hakuigusa, naapa. Ile mikono iliyokunjwa ilikuwa ikifanya nini humo kwapani?

Mlangoni akamnong'oneza mke wangu, mzee mwenzangu ameanza lini hivi? Mke wangu akasema Jumatatu. Wanapanga.

Ijumaa, tarehe 10

Thelathini na moja.

Mkwe amepita. Nimemsalimia kwa jina lake lote, mpaka la babu yake, ili ajue kwamba najua. Akaniuliza kama nimepunguza upepo alivyonishauri. Nikamwambia mimi sipunguzi, napunguziwa. Akamtazama mama mkwe wake. Mama mkwe wake akatazama dari. Familia hii kila mtu ana mahali pake pa kutazama.

Mke wangu amenikumbusha: kesho ukianguka, inaondoka kesho hiyohiyo. Alisema taratibu, ananishonea suruali. Nimetoka nje nikalishika lile tandiko. Tangu nistaafu, watu walikuwa wananisalimia kwa kunipa pole. Nikiwa juu ya baiskeli hii wananipigia kelele nipishe. Ni tofauti kubwa hiyo. Sitaki kurudi kwenye pole.

Jumamosi, tarehe 11

Asubuhi nilitaka kujaza hamsini na tano. Liwalo na liwe, ushahidi nitautafuta mwingine. Nikasema nipime kwanza. Nikapima. Nikapima kuhakikisha. Nikapima kuhakikisha ile ya kuhakikisha. Wenzangu wakapiga kengele getini. Muda umekwisha! Nikaondoka na matairi ya kuhurumiwa.

Juu ya mlima Kinyozi aliyabonyeza kwa kidole gumba, akaguna. Akagonga ya kwake, yakalia ngo ngo kama mlango. Akasema yale ndiyo matairi ya mwanamume. Moyoni nikamwonea wivu mpaka machozi.

Tukashuka. Nikasali kila sala ninayoijua, na mbili nilizotunga palepale. Nikafika kwenye mawe.

Baiskeli ilipita. Jiwe likija, tairi linabonyea, linalishika, linaliacha. Kama paka anatembea juu ya vyombo. Kinyozi alikuwa mbele yangu, anadunda kushoto, anadunda kulia, halafu nikasikia Mama yangu weee! na kichaka kikammeza. Viatu vilibaki nje. Nilimpita nikampungia mkono. Kisha nikasimama kumvuta, baada ya kuvuka mstari kwanza.

Wa kwanza! Na suruali nzima! Mke wangu alinigeuza mara mbili mbele ya watu kuikagua, akacheka, akanipangusa vumbi begani. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

Ndipo mkwe akachukua kipimo, akapima. Akapiga kofi kwa furaha. Baba, umenisikia! Ishirini na sita mbele! Ishirini na nane nyuma! Sawasawa!

Nikakitazama kipimo, nikamtazama yeye.

Mwizi wa kawaida anaiba ovyo ovyo. Huyu kaiba juma zima, kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye namba zake mwenyewe, akasimama hapohapo. Nani mwingine alizijua namba hizo? Nimekushika, mkwe. Kinyozi nimemsamehe, mikono yake na kwapa lake.

Jumapili, tarehe 12

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kama nilishinda kwa upepo ulioibiwa, ningeshindaje na upepo kamili? Hesabu nyepesi. Nikaenda kwa wale vijana wenye mashine ya matairi ya lori, nikawaambia sitini. Wakauliza una hakika mzee? Nikasema jazeni, na nyie mnamjua mkwe wangu, nini?

Sikupima hata mara moja, nikaona nimnyime mwizi nafasi. Nikapita mbele ya mke wangu na wanakwaya wenzake, kifua mbele. Kulikuwa na kokoto moja. Moja! Ndogo kuliko dengu.

Wanakwaya wakanipa pole kwa sauti nne.

Mkwe amekuja kuichukua. Alikuwa na huzuni usoni, anaigiza vizuri sana. Mpango wake umetimia: aliniibia upepo ili nishinde, nivimbe kichwa, nijaze, nianguke. Muda mrefu namna hiyo wa kupanga! Binti yangu ameolewa na jenerali.

Lakini mkwe, siku ile ya kwanza ulipokuja kujitambulisha kwetu, ulikaa kwenye kiti cha marehemu mama yangu kikavunjika mguu. Wajomba wote walisimama. Ni mimi niliyesema kilikuwa kibovu tangu zamani. Hakikuwa kibovu. Hujanishukuru mpaka leo, na mimi sikudai.

Sasa nadai. Niazime baiskeli Jumamosi, asubuhi tu, mama mkwe wako akiwa kwayani. Na tafadhali usiitie upepo. Nitaitia mwenyewe.