Kamati ya Vidonge Yapanda Mlima

Baada ya miaka sita ya utafiti wa kina, Kamati Maalumu ya Kuchunguza Uwezo wa Wauguzi ilitangaza kwa fahari hatua ya kihistoria: itaanza utafiti. Ule wa kwanza ulikuwa umethibitisha kwamba muuguzi aliyefunzwa humpa mwanamke vidonge vya kutoa mimba kwa usalama uleule wa daktari. Kamati iliyaona matokeo hayo kuwa mazuri mno, na kwa hiyo yanatia shaka. Ilipokuwa ikitafakari, na ili wauguzi wasije wakapenyeza vidonge hivyo kwa jina la dawa ya kikohozi, ilipiga marufuku muuguzi kutoa dawa yoyote ya kumeza bila saini ya daktari.

Ndipo mwenyekiti, Bwana Ghanashyam Regmi, bingwa wa makaratasi, akapanda milima ya Nepal hadi zahanati ya muuguzi Sarmila Thapa. Vidonge vilikuwa kabatini, cheti cha mafunzo ukutani. Daktari alikuwa mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Kwenye benchi alikaa Phulmaya Tamang, mama wa watoto wanne. Mimba yake ilikuwa na wiki tisa na siku sita. Vidonge hutolewa hadi wiki kumi tu; keshokutwa muda wake ungekuwa umekwisha. Mwezi uliopita jirani yake alikimbilia kwa muuza mizizi. Sarmila ndiye aliyemfunika shuka usoni, na hasira haijamtoka hadi leo.

"Mheshimiwa, turuhusu tu," alisema Sarmila.

"Dada, tusiruke hatua. Takwimu zako zinaonyesha hakuna mwanamke aliyepewa huduma hapa. Maana yake hawaihitaji."

"Si mmekataza nyinyi!"

"Hayo ni mazingira. Mahitaji ni sifuri."

"Na mimi nimekuja kuota jua?" aliuliza Phulmaya.

"Wewe, mama, hujaingia kwenye sampuli."

Kikaletwa chakula. Mwenyekiti, ambaye hakuona haja ya kuitafiti nyama ya nyati wa kufugwa, aliongeza mara tatu. Kufika saa tisa alikuwa amekwenda chooni mara sita, na ya saba alirudi ameshikilia ukuta.

"Sista, nipe dawa!"

"Ya kumeza? Saini ya daktari iko wapi, mheshimiwa?"

"Nakufa, dada!"

"Kumbe ni kweli," alisema Phulmaya, "ngojangoja huumiza matumbo."

Mwenyekiti alinyakua karatasi, akaandika huku jasho likimdondoka: Muuguzi Sarmila Thapa anaruhusiwa kutoa dawa yoyote aliyofunzwa, bila daktari, kuanzia sasa. Akasaini. Akagonga muhuri, tena mara mbili, kisha akanyoosha kiganja.

Sarmila aliisoma polepole, neno kwa neno. Akaitia mfukoni, akafungua kabati.

"Phulmaya, dada yangu, ingia ndani tuzungumze."

"Na mimi je?" alilia mwenyekiti.

"Kuna mgonjwa aliyekutangulia, mheshimiwa. Kaa kwenye benchi."