Toroli la Verna

Jumatatu, 5 Novemba
Samahani, daftari. Sijakuandikia tangu Aili azaliwe. Kalamu inaniponyoka. Gumba la kulia linauma tangu nianze kumnyanyua mtoto. Leo nilimwinua kutoka kwenye beseni, mkono ukaishiwa nguvu, akaniponyoka akarudi majini. Yeye alicheka. Mimi nililia.

Ijumaa ni mtihani wa kuvuta matoroli ya nguo chafu za hospitali. Nafasi ya mchana ni moja, mimi au Verna. Atakayeshindwa atakunja shuka zamu ya jioni. Mume wangu Arvid yuko kwenye meli ya madini mpaka ziwa ligande. Nani atamlaza Aili?

Jumanne, 6 Novemba
Bwana Lindquist, atakayetupima Ijumaa, katufundisha. Kusukuma ni bora kuliko kuvuta. Mpini uwe usawa wa kisukusuku, kifundo cha mkono kinyooke, uzito wa mwili ufanye kazi. Lakini kwenye lifti lazima uvute, hakuna pa kugeuzia. Toroli lililosimama ndilo zito. Likishaanza, linakufuata lenyewe.

Verna, miaka hamsini na kitu, kavuta kwa mkono mmoja huku anatafuna biskuti. Akaniambia, mwanangu, mbona unashika mpini kama unamkaba kuku? Wote wakacheka. Nami nikacheka. Imeniuma.

Jumatano, 7 Novemba
Mazoezi. Jana nilikamua taulo mbichi jioni nzima. Asubuhi nimeshindwa kumfunga Aili vifungo. Kaenda kwa jirani kaviringishwa blanketi. Nimesema ndiyo mtindo.

Alhamisi, 8 Novemba
Nimepata. Si lazima niwe na nguvu. Yatosha Verna asionekane nazo. Kila mtu na toroli lake: la Verna lina magurudumu mapya, langu linalia kama paka. Nimeyazungushia ya kwake uzi mweupe wa shuka, ndani kabisa. Verna kanikuta nainuka. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema pini. Akapiga magoti kunitafutia. Na goti lake lile bovu.

Ijumaa, 9 Novemba
Verna kaja na soksi alizomfumia Aili. Kisha, mbele ya Lindquist, akasema nitumie toroli lake, mkono wangu haujapona.

Nikakataa. Huku kwetu mara ya kwanza unakataa, ya pili unakataa, ya tatu unashukuru. Ukikataa ya tatu umemtukana mtu na mama yake. Akasema mara ya tatu.

Nikashukuru.

Halikutikisika. Nikapinda kifundo, nikavuta kwa hasira zangu zote. Gumba likaachia. Nikaangukia ndani ya lifti, mlango ukajifunga, nikapanda hadi ghorofa ya nne peke yangu.

Niliporudi, Verna alikuwa sakafuni anakata uzi kwa mkasi. Akamwambia Lindquist kwamba shuka za siku hizi zinanyonyoka vibaya. Hakunitazama. Baadaye akasema, jioni utaniachia Aili, mwanangu, nitamlaza mimi.

Jumapili, 11 Novemba
Jana zamu yangu ya kwanza ya jioni. Nilimkuta Aili kwa Verna, keshalala, kavaa zile soksi. Nilimpa kidole, akakishika usingizini. Ana nguvu kuliko mimi. Hakuamka.

Verna hajasema neno kuhusu uzi. Hatasema. Ningependa aseme.

Mtihani mwingine ni theluji ikiyeyuka. Kesho namwandikia Mama anitumie: bandeji pana, marhamu ya kuchulia, glavu za ngozi za Babu, nguo za Aili zisizo na vifungo. Na uzi mweusi, ule mzito wa turubai. Mweupe unaonekana.