Kurasa Mia Tatu za Mkurugenzi Mstaafu

Mtaa mzima ulimwita Rudisha, na yeye alilibeba jina hilo kama cheo. Ofisi yake ilikuwa duka la kuchapa na kutoa kopi, ambalo halikuwa lake, kwenye kiti ambacho pia hakikuwa chake. Mali yake halisi ilikuwa kompyuta moja ya mkononi, shati lililopigwa pasi, na elimu ya vitufe viwili ambavyo ukivibonyeza pamoja, kompyuta inatengua ulichokosea.

Watu wazima wenye shahada zao walimjia wakitetemeka: ripoti imefutika! Rudisha aliwainua kwenye kiti, akafunika vidole vyake kwa leso ili siri ya fani isivuje, akafumba macho, akabonyeza. Ripoti hiyoo! Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta yenyewe huuliza kwa adabu kama irejeshe kazi iliyokuwa haijahifadhiwa. Wateja, kwa woga, hawakuthubutu kugusa kitu. Rudisha alibonyeza "ndiyo", kisha akadai malipo mazito kwa sababu, alivyoeleza, faili lilikuwa limekwenda mbali. Na siku ambazo hakuna aliyepoteza kitu, alisaidia: aliinama kama anaokota kalamu, akayageuza maandishi ya mtu kuwa meupe, akangoja kilio. Tumpe heshima yake, maana si wengi siku hizi wanaojitengenezea ajira.

Asubuhi moja akaingia mkurugenzi mstaafu, suti kamili, uso wa msiba.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimepoteza kitabu. Maisha yangu yote, kurasa mia tatu. Nimefungua leo, hamna kitu."

Rudisha alitikisa kichwa kwa huzuni, huku moyoni akishangilia. Habari za kitabu hicho alikuwa nazo. Miaka mitatu mzee alikuwa akijifungia chumbani "akiandika". Watoto walimnunulia kompyuta, wakampa kiti cha kuzunguka, wakawakataza wajukuu kucheza karibu na dirisha. Mwisho wa mwezi ukoo wote ungekusanyika kusomewa. Mzee bila kitabu angeaibika mbele ya wakwe, na mtu anayeogopa aibu hapangi bei.

Walifika nyumbani kwa mzee, Rudisha na kompyuta yake kwapani, wakajifungia. Rudisha alifungua faili. Lilikuwa na maneno mawili, "Maisha Yangu", na chini yake weupe mtupu. Akatafuta rangi nyeupe, hakuna. Akatazama matoleo ya nyuma na mafaili ya dharura, nako kweupe. Hakukuwa kumepotea kitu kwa sababu hakukuwahi kuandikwa kitu. Mtu mkweli angesema hivyo, akanywa maji, akaenda zake.

"Ziko," alisema Rudisha. "Zimejificha tu. Zote naziona."

"Zote?"

"Zote mia tatu. Nimechungulia mbili tatu, mzee. Umeniliza." Akajifuta jicho kavu. "Ila kuna kifaa cha kuzitolea, kinahitaji malipo ya awali."

Mzee alilipa bila kubisha, jambo ambalo lingemshtua tapeli yeyote mwenye akili. Rudisha alitia mfukoni na kuanza kupiga hesabu ya basi la jioni. Ndipo mzee akafungua mlango.

"Mama watoto! Njoo na binti yako, msikie wenyewe!"

Akaingia mke wa mzee, na nyuma yake binti mkubwa, mwendesha mashtaka wa mahakamani, mwanamke mpole aliyezoea kuuliza mambo mara moja tu.

"Kurasa umeziona kwa macho yako?"

"Kwa macho haya haya, dada."

"Unaweza kuzirudisha?"

"Bila shaka yoyote."

"Vizuri sana. Utazirudishia hapa hapa nyumbani." Aliichukua kompyuta ya Rudisha, akaikumbatia kifuani. "Hii nitakutunzia. Mwisho wa mwezi ukifika bila kitabu, tutaendelea na mazungumzo ofisini kwangu."

Mama alikuwa analia. "Mume wangu, nisamehe. Nilidhani ulikuwa unalala humu."

Walipotoka, Rudisha alimsogelea mzee, jasho likimtiririka. "Mzee, tuseme ukweli. Humu hamna kitu. Hakujawahi kuwa na kitu."

"Mimi ndiye niliyekuwa siandiki," alisema mzee, akikaa vizuri kwenye kiti cha kuzunguka. "Hilo unaniambia mimi? Nilikuwa natafuta mtu wa kushuhudia kwamba niliandika. Wakanielekeza kwako, wakasema unasema uongo vizuri kuliko wote."

"Na sasa?"

"Sasa mashahidi wawili wamekusikia. Kaa, uandike."

Kwa hiyo Rudisha, bingwa wa vitufe viwili, aligeuka mpiga chapa asiyelipwa. Mzee alisimulia habari za babu wa babu yake, mashamba, na kesi za mipaka. Wiki nzima vidole vilimuuma. Wakawa wamefika ukurasa wa arobaini wakati umeme ulipokatika.

Hapo ndipo ukweli mchungu ulipojitokeza. Rudisha alikuwa hajawahi kuhifadhi kazi hata siku moja, maana maisha yake yote alikula kwa wasiohifadhi. Hata hivyo hakuhofu. Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka na kuuliza kwa adabu yake ile ile: irejeshe?

Mzee, aliyekuwa karibu zaidi, alishtuka kuona swali asilolijua. "Virusi!" akapiga kelele, akabonyeza "hapana".

Rudisha aliruka, akabonyeza vitufe vyake viwili. Akabonyeza tena. Akatandaza leso, akafumba macho, akabonyeza mara ya tatu kwa unyenyekevu wa kweli.

"Si wewe ni Rudisha?" mzee alisema kwa ukali. "Haya, rudisha."

Hakukurudi kitu. Wakaanza upya, tangu kwa babu wa babu, na safari hii mzee alimkumbuka na kaka wa babu huyo. Jioni mama alileta chai, akachungulia mlangoni kwa heshima zote.

"Poleni na kazi, jamani. Mmefika wapi?"

Rudisha hakuinua hata kichwa.

"Bado hatujazaliwa, mama."