Marumaru ya Kumkomesha Injinia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na hasira ile ile ya jana, haijapungua hata chembe.

Jana tulikula kwa Injinia. Huyu ni mume wa dada yake mke wangu. Si injinia. Anaendesha greda. Lakini ukoo mzima unamwita Injinia, naye anaitika bila haya! Ameweka meza mpya ya jikoni, graniti nyeusi, na mgeni haruhusiwi kuketi mpaka aipapase kwanza. Mama mkwe aliipapasa mara mbili. Akasema, mwanangu, wewe una macho.

Mwanangu!

Mimi ndiye niliyemwoa binti yake mkubwa. Niliingia katika ukoo huu wakati Injinia bado anasukuma toroli. Na mpaka leo mama mkwe ananiita "yule". Mwambieni yule asogeze kiti. Yule ameshakula? Na mimi nimekaa hapo hapo, pua na mdomo! Shuleni nafundisha michezo, mwisho wa juma nashika kibendera pembeni mwa uwanja, na hakuna anayenitazama huko pia. Lakini huko nimezoea.

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Yeye nyeusi? Basi mimi nyeupe. Marumaru! Nyeupe pe! Jumapili ya tarehe 16 mama mkwe anakuja kula kwetu, na Injinia na mkewe. Ataingia jikoni, ataona, na neno litamtoka lenyewe. Mwanangu. Sitaki kingine duniani.

Mke wangu kasema anachotaka yeye ni meza isiyotikisika anaposukuma unga wa mikate. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa muuza mawe, mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, wateja wanamwita Bi Jiwe. Badala ya kuniuzia, akaanza kunihoji. Nani anapika? Anatumia ndimu? Siki? Nyanya? Nikadhani nimeingia zahanati.

Akasema marumaru ni jiwe laini na lina kiu. Lazima lipakwe dawa ya kinga, na lirudiwe kila baada ya muda. Kujua kama bado lina kinga ni rahisi, lidondoshee tone la maji. Likisimama juu, salama. Likizama na kuacha kivuli, jiwe lina kiu. Kisha akasema hata dawa hiyo inazuia madoa tu, haizuii ukali wa ndimu. Akanishauri nichukue lisilong'aa, lenye mistari ya kijivu, maana hilo linaficha mikwaruzo.

Mistari! Nikamwambia sikuja kununua jiwe lenye mishipa kama miguu ya mama mkwe. Nikataka jeupe kuliko yote, linalong'aa kuliko yote. Akalisimamisha juani, akalimwagia maji. Nilijiona humo mpaka kidevu ambacho sikunyoa vizuri.

Alisema mteja ni mfalme. Alilisema kwa sauti ya mtu anayemzika mfalme huyo. Hasira zikanipanda, nikanunua hapo hapo.

Jumatatu, 10 Machi

Jiwe limefika! Watu wanne walilibeba likiwa limesimama wima, maana likilazwa linaweza kukatika kwa uzito wake. Mimi niliongoza kwa kibendera kutoka getini mpaka jikoni. Hakuna hata mmoja aliyetazama kibendera.

Fundi anaitwa Taratibu na jina limemkaa. Alilibandika, akalifuta vumbi, akalipaka dawa, akaagiza lisiguswe na maji mpaka kesho. Halafu, mbele ya macho yangu, akaweka juu yake kikombe chake cha chai! Nikanyanyua kibendera. Akakiondoa polepole akasema hili jiwe ama wewe utalizoea, ama lenyewe litakuzoea. Ufidhuli mtupu.

Lakini linapendeza! Jamani! Jikoni kumekuwa kama kumefunguliwa dirisha jingine.

Jioni nimetangaza sheria. Hakuna kikombe juu ya jiwe. Hakuna kisu, hakuna sufuria, hakuna kiwiko. Ndimu zisipite hata mlangoni. Mke wangu akauliza atapikia wapi. Nikamwambia uani kuna jiko la mkaa na hewa safi, watu wanalipia hewa kama ile. Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nimebandika mkanda mweupe sakafuni, hatua moja kutoka kwenye jiwe. Mke wangu akauvuka kuchukua chumvi. Nikanyanyua kibendera. Ameotea! Akasema nikimnyanyulia tena kile kitambaa atakitumia kushikia sufuria.

Nimerudi kutoka shuleni, na nini naona? Alama! Duara, ukubwa wa kifuniko cha soda, imefifia, imekaa katikati kabisa ya weupe wangu kama jicho la samaki aliyepikwa. Mvua ilinyesha, mke wangu akakimbilia ndani na samaki wake, akakata ndimu, akailaza nusu kifudifudi juu ya jiwe. Kasema ni muda mfupi tu. Muda mfupi!

Nimefuta kwa kitambaa. Kwa sabuni. Kwa mate. Wapi! Nimempigia Taratibu. Kasema nisihangaike kufuta, hilo si doa. Ndimu imekula mng'ao. Dawa yake ni kusugua kwa msasa laini sana na unga wa kung'arishia, atakuja kufanya mwenyewe wiki ijayo, si hii. Nikamwambia mama mkwe anakuja Jumapili. Akasema nimsalimie.

Mke wangu kasema hakuna atakayeiona. Mimi ninaiona! Nayo inaniona!

Jumatano, 12 Machi

Wahenga hawakuwa wajinga. Dawa ya moto ni moto. Kama kitu kikali kimeondoa mng'ao, kitu kikali zaidi kitaurudisha. Nikamimina siki.

Ikatoa mapovu! Madogo madogo, na sauti yake, shhh. Nilifurahi, nikasema uchafu unatoka. Nikaongeza. Nikaiacha ifanye kazi yake nikaenda kufundisha mbio za vijiti.

Haukuwa uchafu uliokuwa unatoka. Lilikuwa jiwe. Sasa ile alama ni kubwa kama sahani, na ukipitisha kidole unasikia inakwaruza. Nimepiga kabati teke. Kabati halikupata hata mkwaruzo, kidole gumba changu ndicho kimevimba.

Nimemwambia mke wangu kwamba kuna mtu aliweka sahani hapo. Akainama, akanusa, akauliza ni sahani gani hiyo inayonuka siki. Nikatoka nje.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechechemea mpaka shuleni nikifikiri, na nikafikiri vizuri. Tatizo si kule kufifia. Tatizo ni tofauti! Sehemu moja imefifia na nyingine inang'aa, ndiyo maana jicho linakimbilia pale. Sasa kama jiwe zima likififia, nani ataona alama? Tena Bi Jiwe mwenyewe alisema lisilong'aa ndilo linalofaa. Kwa hiyo nilikuwa nafuata ushauri wa mtaalamu.

Nikanunua ndimu kikapu kizima. Muuzaji akauliza kama nina harusi. Nikamwambia auze, asiulize. Nikajifungia jikoni. Kata, sugua. Kata, sugua! Vidole vyangu vilikuwa na mikwaruzo ya kamba za goli, viliwaka moto mpaka nikatokwa machozi. Sikuacha. Mwanamume haachi katikati.

Nikaosha, nikakausha, nikarudi nyuma kutazama.

Ee Mola. Hapa pamefifia, pale panang'aa, pale pengine mkono ulipita mara moja, hapa mara tatu. Michirizi! Jirani alichungulia dirishani akauliza kama paa linavuja.

Mke wangu akaingia. Alisimama akatazama muda mrefu. Akachukua kijiti chake cha kusukumia unga na beseni, akaenda uani, akakaa kwenye kigoda akaanza kukanda unga mapajani. Afadhali angenitukana. Nilisimama pale mlangoni na hasira zangu zote, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikujua nizielekeze wapi. Baadaye nikakumbuka kwamba kosa ni la Taratibu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata ufumbuzi. Kitambaa cha meza! Kipya, chekundu, kinafunika jiwe lote mpaka kinaning'inia. Kilikuwa na mikunjo, nikakilowesha kidogo ili kinyooke. Mama mkwe ataona ncha moja tu ya weupe, nitaiinua mimi mwenyewe taratibu, aone kidogo, nifunike. Kitu kizuri hakianikwi chote.

Mke wangu kaniuliza kama nimelipima lile jiwe kwa tone la maji tangu niliogeshe kwa ndimu. Nikamwambia muda wa majaribio umekwisha.

Jumamosi, 15 Machi

WARIDI! Jiwe langu limekuwa la waridi!

Kitambaa kimetoa rangi na jiwe limeinywa yote, kwa kiu yake ile. Nimempigia mwenye duka aliyeniuzia kitambaa nikamweleza sifa zake. Kisha nikampigia Bi Jiwe. Nadhani kwanza alicheka akiwa ameziba simu. Akasema nikoroge unga mweupe wa chokaa laini na maji, nipake juu ya rangi, nifunike kwa nailoni, niuache mpaka ukauke wenyewe, ndipo utavuta rangi. Sharti ni moja, nisifunue.

Nimefunua mara nyingi. Ningejuaje kama unavuta?

Jumapili, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mpango ulikuwa rahisi, chokaa ioshwe, kitambaa kirudi juu ya jiwe, na wageni waishie sebuleni. Lakini mama mkwe haendi sebuleni. Alivua viatu, akapita moja kwa moja jikoni, akashika ncha ya kitambaa na kukivuta chote kwa mkupuo mmoja.

Injinia akainamia jiwe, mikono nyuma. Akauliza kama ni ramani, na nyumba yake iko upande gani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mkewe naye! Damu ilinipanda kichwani, nikatafuta kibendera nisijue nitakifanyia nini.

Mama mkwe hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya jiwe, huku na huku. Akasema lina ubaridi mzuri. Akaomba unga. Akakunja mikono ya gauni, akaanza kukanda pale pale juu ya waridi langu, na mke wangu kando yake, wakisukuma, wakicheka mambo yao. Akasema unga haujawahi kumtii hivi, na kwamba meza ya Injinia ni nzuri ila mtu anaogopa kuigusa, anahisi yuko benki. Injinia akatazama dari.

Mimi sikupata nafasi ya kufurahi, kwa sababu nilikuwa na kazi. Unga kila mahali! Nyanya zilizokatwa! Na mama mkwe akaweka glasi yake ya maji ya machungwa, yenye unyevu chini, moja kwa moja juu ya sehemu ndogo iliyobaki inang'aa! Nikaruka na kitambaa. Alikuwa ananiambia jambo, kama mara mbili hivi, mkono wake begani kwangu. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nafuta. Nikamwambia, mama, inua glasi. Inua glasi! Labda sauti ilipanda kidogo.

Wao wakala. Mimi sikula. Nilibaki jikoni nikikausha. Wakaondoka mapema kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu, 17 Machi

Mke wangu amenieleza jambo ambalo silikubali.

Eti jana mama yake aliponishika bega alisema, mwanangu, liache jiwe, njoo ukae ule. Mwanangu! Eti alilisema mara mbili, kwa sauti, mbele ya wote, na Injinia aligeuka kama aliyemwagiwa maji. Na eti mimi nikamjibu, inua glasi.

Uongo! Ningesikia. Nina masikio ya mshika kibendera, nasikia kiatu kikigusa mpira upande wa pili wa uwanja. Miaka yote hii nalingoja neno moja, lipite karibu na sikio langu nisilisikie? Nikamwuliza, kama kweli aliniita hivyo, aliniitaje wakati wa kuaga? Mke wangu akachukua ufagio. Nikamkazania. Akasema mama alipofika getini aliuliza, yule ana nini?

Basi! Si nilisema? Yule! Nilikaa peke yangu jikoni kitambo, nikilitazama lile jiwe.

Halafu nikaelewa. Kosa lilikuwa jikoni. Jikoni kuna ndimu, kuna nyanya, kuna watu. Marumaru haikuumbwa kwa ajili ya jikoni. Inataka mahali pasafi, penye maji na sabuni tu. Bafuni!

Nimetoka kwa Bi Jiwe sasa hivi. Jeupe, linalong'aa, ukutani na sakafuni. Alianza tena. Mara dawa za kusafishia choo zinaliunguza, mara sakafu ya bafu inataka jiwe lisilong'aa, maana linalong'aa likilowa linateleza vibaya. Nikamwambia ashike kalamu aandike oda. Taratibu anaanza keshokutwa.

Mama mkwe anakuja tena mwisho wa mwezi, atalala kwetu, ataoga. Safari hii sitakuwa na kitambaa mkononi, nitasimama nje ya mlango kimya na masikio wazi. Ataingia, atakanyaga, na neno litamtoka lenyewe.