Chupa ya Lewa Mdogo

Jumatatu, 4 Machi 1985
Mimi Lewa wa Jilore, miaka sabini na minne. Nimezika wake wawili, machifu watatu na daktari mmoja aliyesema sitafika Krismasi. Kuandika nilijifunza uzeeni, kwenye ngumbaru, na darasa zima niliwashinda.

Leo nina hasira. Mjukuu wangu wa miaka minne, Lewa, somo yangu, ana uvimbe tumboni. Daktari Mwaura, kijana wa bara, hata ndevu hana, asema umeota kwenye mishipa ya fahamu. Ataka mkojo wa mtoto, wa mchana kutwa na usiku kucha, tone lisipotee, upelekwe Nairobi. Ati uvimbe hutoa kitu, kikaonekana mkojoni. Kikiwa kingi, maradhi ni makali. Kikiwa kidogo, atapasuliwa na huenda akapona. Mganga wangu huomba kuku. Huyu mkojo.

Na mtoto asile ndizi siku tatu, ati zitaharibu kipimo. Mtoto wa Jilore.

Alhamisi, 7 Machi
Mbeyu, bibi yake kwa mama, amejifanya askari wa chupa ya mkojo. Aniambia, mkwe, kaa mbali, mikono yako yatetemeka. Mikono hii imepanda minazi mia mbili! Nitaipeleka mimi, Mwaura ajue mwenye mtoto ni nani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeichukua asubuhi Mbeyu akiwa kisimani. Njiani nikafungua kifuniko nione daktari huona nini humo. Nikajikwaa kwenye mzizi. Nusu yote chini. Mzizi ni wa mkorosho wa Mbeyu, basi kosa ni lake.

Sikubabaika. Mtoto nimempa jina langu, na jina huja na damu. Nikaenda nyuma ya mkorosho, nikaijaza mpaka kwenye mstari. Imetoka nzuri kuliko mwanzo.

Jumatatu, 11 Machi
Mwaura alichovya kikaratasi cha kupimia mkojoni kabla ya kuutuma Nairobi. Akaona sukari tele. Akaniangalia mimi, nikiwa na kata ya tatu ya maji mkononi. Akauliza, mzee, mkojo huu ni wa nani? Nikasema, wetu.

Mbeyu akaketi sakafuni. Akasema, wamchezea mtoto, mkwe. Akifa, tutaandika kaburini kwamba aliuawa na majivuno ya babu yake.

Nikaiweka kata chini, maji sikuyamaliza.

Chupa mpya. Siku tatu tena bila ndizi. Mtoto analia, ameshika mkungu kwa mikono miwili. Mimi pia sikula ndizi. Si kwa sababu ya mtu yeyote.

Jumatatu, 1 Aprili
Jibu limekuja. Kidogo! Maradhi hayajatambaa. Lewa atapasuliwa Mombasa wiki ijayo. Mbeyu amelia mpaka leso imelowa. Mimi ni vumbi tu lililoniingia machoni. Nimewatangazia watu sokoni kwamba akina Lewa mkojo wetu umesifiwa Nairobi.

Kisha Mwaura kanipa chupa, na hii ni yangu. Asema sukari ile ni yangu na itaniua. Kijana asiye na ndevu kunitisha mimi! Nimemjibu, sawa, kesho utaipata.

Nimemwita Lewa mdogo nyuma ya mkorosho. Ameijaza mara moja, safi kabisa. Tuone kesho Mwaura atasema nini.

Asiyeamini haya amwulize Lewa mdogo. Ndiye shahidi wangu. Nimempa ndizi mbili asimwambie Mbeyu.