Ufizi wa Mama Marceline

Kitwa aliiona kazi yake mpya mdomoni mwa muuza unga, sokoni Kamina. Mama wa watu alicheka tu, na Kitwa akaona meno marefu, mizizi nje. Akawatazama wengine waliokuwa wakicheka: hivyo hivyo! Nusu ya soko fizi zilikuwa zimerudi nyuma. Tangu vita vianze, dawa ya meno haikufika tena kutoka Lubumbashi, na watu wa Kamina, hasa Wamethodisti, hawaendi kanisani na meno machafu hata dunia iwake moto. Basi walisugua kwa mchanga na makaa, kwa nguvu zile zile za kusugulia sufuria.

Mfukoni alikuwa na kijiti cha chuma, ncha imepinda na kuchorwa vistari vya milimita. Alikipata kwa mke wa askari kule kambini, wakabadilishana kwa sabuni. Siku ile ile akavaa koti jeupe, akaweka kiti kando ya ukuta wa soko, akawa munganga wa meno.

"Munasugua nguvu sana," aliwaambia. "Tena uchafu inageuka jiwe ku jino, nyama inavimba, inarudi nyuma. Kisha mayi ya baridi inakuchoma. Kisha jino inatikisika, inaanguka!"

Na hapo tusimwonee, alisema kweli tupu. Aliyasikia kwa mganga halisi huko Likasi, kabla hajamwibia koti.

Uongo ulikuwa kwenye kipimo. Kipimo cha haki huanzia shingoni mwa jino, pale mzizi unapoanzia, hadi ukingo wa ufizi, basi. Lakini siku ya kwanza Kitwa alikizamisha chuma chini ya ufizi mpaka mgonjwa akaruka. "Milimita sita! Eh Leza Mungu!" Kisha akauza pomadi yake, mawese yaliyochanganywa na majani ya kupondwa. Juma lililofuata alipima kwa haki, tena kwa huruma nyingi. "Mbili! Nyama imerudi!" Watu walishangilia, wakamletea kuku, mahindi, vitenge, hata mbuzi.

Ila sajini mmoja wa kambini jino lake lilianguka pamoja na pomadi yake, akaanza kuuliza munganga analala wapi. Kitwa akaona Bukama panamwita. Treni haikwenda, na mzigo ule haukubebeka kichwani. Alihitaji baiskeli, na upesi.

Mungu si Athumani, akaja Mama Marceline, mjane aliyewahi kufundisha shule.

"Mayi ya baridi inaniua, munganga," alisema. "Ukinirudishia hii nyama, kinga ya marehemu njo yako."

Kinga ni baiskeli, na njo ni ndiyo ya huko. Kitwa alimeza mate, akachomeka chuma. Mama akaruka, akafuta damu, kisha akaanza kumhoji kama mama yeyote wa Kiluba anavyomhoji kijana mgeni: baba ni nani, umeoa wapi? Kitwa hakuwahi kuoa hata paka. Lakini mtu mwenye mke huaminika, kwa hiyo akajibu bila kufikiri:

"Nilioa Malemba-Nkulu, mama. Lise, binti ya Mbayo."

"Lise ya Mbayo," mama alirudia polepole, akachukua pomadi, akaenda zake.

Juma likapita. Mama Marceline alirudi anasukuma baiskeli, na majirani wake nyuma. Kitwa, macho kwenye baiskeli, akatia vidole viwili kinywani mwa mama, akavuta mdomo, akapima kwa upole wa malaika.

"Mbili, mama! Nyama imerudi!"

Mama akamshika mkono. "Bantu! Mukuye muone! Huyu njo bwana ya Lise, na Lise njo mutoto niliyezaa! Ametia vidole mu kinywa ya mama mukwe!"

Lo! Huko kwao mama mkwe haangaliwi usoni. Akija njia hii, wewe unaingia majanini. Huli mbele yake, sembuse kumkagua magego! Wanawake walipiga mayowe, soko zima likaacha biashara.

Kitwa alifungua mdomo aseme hakuna Lise. Akaufunga. Akisema hakuna Lise, yeye ni mwongo, na mwongo wa mke atakuwa mkweli wa fizi? Tena nyuma ya umati alimwona sajini, shavu limevimba, anasikiliza kwa makini. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mama mukwe. Sikukujua."

"Utafuta aibu hii na nini?"

Aliifuta na mbuzi, kuku, mahindi na vitenge vyote. Wanawake wakaufunga mzigo juu ya baiskeli ile ile. Mama akadai na koti, akadai na chuma, na alipokuwa akivipokea akamnong'oneza:

"Nilijiangalia mu kiyoo, mukwe wangu. Mizizi iko inje vilevile."

Kitwa akaondoka kwa miguu, mikono mitupu. Kwenye kijito cha njia ya Bukama alimkuta Émile, muuza samaki anayejulikana Kamina nzima, akipumzisha baiskeli yake. Akamuuliza kama anamjua Lise, binti wa Mama Marceline.

Émile alicheka mpaka samaki wakataka kumwagika. "Marceline? Ule alizaa bana-ume tu, Kamina yote inajua! Nani alikuambia iko na binti?"

Kitwa alifikiri kidogo, akatambua kwamba aliyemtaja Lise kwanza ni yeye mwenyewe. Akainama anywe maji. Maji ya baridi yakamchoma jino la mbele mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa akiyasugua meno yake kwa mchanga kila asubuhi, yang'ae kama ya munganga. Akapitisha ulimi: jino refu, shingo wazi. Alitamani sana kujua ni milimita ngapi, lakini chuma kilikuwa kimebaki Kamina.