Nyumba Tembezi Yaenda Singida

Jumapili, 17 Agosti

Kesho tunaondoka. Bigwa hadi Singida, siku nne, kwa raha zetu. Mdogo wangu Hafidhi amepita jioni kuniuliza kwa nini siku nne, wakati basi la alfajiri linafika siku hiyo hiyo. Nimemjibu kwamba basi ni kusafirishwa, si kusafiri. Amecheka mpaka kofia ikamdondoka. Huyu ndiye mtu niliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Jambo lenyewe ni zito. Jumamosi baada ya adhuhuri binti yangu Mwanvita anaolewa huko Singida, nyumbani kwa dada yangu, anakoishi tangu apate kazi ya uuguzi. Baba ni mimi, walii ni mimi. Mkono wa bwana harusi utashikwa na mkono huu huu. Nilimwahidi Mwanvita tangu hajang'oa meno ya utoto, na juzi nimemwahidi tena kwa simu. Tena nikaongeza kwamba nitafika na nyumba yangu mwenyewe.

Nimenunua Coaster ya njano iliyokuwa ikibeba wanafunzi. Viti nimeng'oa. Vitanda nimetengeneza viwili. Jiko la gesi lipo, tanki la maji liko juu ya keria, na nyuma kabisa kuna choo cha ndoo chenye pazia la kanga. Maisha yangu yote nawatengenezea watu makabati. Sasa nimejitengenezea kabati linalotembea. Nimeliita Nyumba Tembezi.

Ratiba imekaa sawa. Kuendesha asubuhi tu. Saa nane mchana kuegesha, kupika, kupumzika. Mizigo, kila mtu begi moja. Mke wangu Maimuna ameisikiliza sheria hiyo, ameitikia vizuri, kisha ameingiza sufuria tatu za pilau, mbuzi ya nazi na jiko la mkaa. Nimemwonyesha jiko la gesi. Amesema gesi haina ladha. Alipoingia kuoga nimezihamishia sufuria nyuma ya duka la jirani yetu Godlisten. Nani ataziona huko?

Jumatatu, 18 Agosti

Godlisten kaziona. Amezileta mwenyewe asubuhi, anamshukuru Mungu kwamba hazikusahaulika. Na kwa kuwa gari ni kubwa, kaomba nimpelekee dada yake wa Dodoma kitu kidogo. Hicho kitu kidogo ni meza ya kujipambia yenye kioo kirefu kuliko mimi. Nimekataa kwa moyo wote, lakini mdomo ukasema lete tu jirani. Imekaa katikati, kioo kimeelekea mbele. Kila nikitupia jicho nyuma namwona dereva mwenye sura ya wasiwasi.

Hapo bado kumfuata mama mkwe, Bi Mosi, kule Kinole mlimani. Kinole si njia ya Singida, iko upande mwingine kabisa. Tumepanda Uluguru kwa gia ya kwanza, injini inalalamika, mimi naimba ili Maimuna asiisikie. Tumemkuta Bi Mosi kakaa barazani tayari, na begi moja tu. Nimempa shikamoo kwa furaha ya kweli. Huyu ni mtu wa ratiba, nikajisemea. Kisha akaelekeza kidole pembeni, akasema na vile pale.

Vile pale ni mikungu ya ndizi, mananasi, mfuko wa mdalasini na karafuu, na fenesi moja la ukubwa wa mtoto wa darasa la pili. Fenesi ni la bi harusi. Bi Mosi amesema Mwanvita alikuwa akililia fenesi la bibi yake tangu mdogo, hawezi kuolewa bila kulionja. Nimelipakia.

Saa nane mchana nimeegesha kama ratiba isemavyo. Nimeegesha Bigwa, nyumbani kwetu, tulikotoka asubuhi. Lakini ratiba haisemi uegeshe wapi. Siku ya kwanza nimefuzu.

Jumanne, 19 Agosti

Limetokea jambo la aibu. Kabla ya kuondoka nimemtembeza Bi Mosi ndani ya Nyumba Tembezi. Nikamwonyesha kitanda chake yeye na Maimuna. Akauliza mkwe atalala wapi. Nikakionyesha kitanda changu, hatua mbili kutoka hapo. Maimuna kajifunika mdomo kwa kanga. Bi Mosi kageukia dirishani, anatazama mlima kama vile hajawahi kuuona.

Yarabi. Nilipima mbao, nikapima mlango, nikapima hata urefu wa miguu yangu, lakini ukwe sikuupima. Mtu mzima mwenye mvi, nimemtengenezea mama mkwe wangu chumba kimoja na mimi! Na choo cha ndoo nimemtundikia kanga! Tangu nimuoe mwanawe, mama huyu hajawahi hata kutafuna mbele yangu.

Bi Mosi amesema kwa upole, bado anatazama mlima, kwamba yeye hana neno. Ndugu anao njia nzima. Dakawa wapo, Magole wapo, Gairo wapo. Tutalala kwao.

Sasa Dakawa si mbali, hata chai haijatulia tumboni unafika. Tukilala Dakawa siku imekufa. Nikapanga hivi: Bi Mosi husinzia garini, nami nitapita Dakawa kimyakimya, bila honi, kioo kimefungwa. Amesinzia kweli. Nimekaribia Dakawa kwa ustadi mkubwa. Barabarani nimemkuta mpwa wake, Mansuri, kasimama katikati anapunga shati. Bibi alishampigia simu tangu jana, na gari la njano halifichiki.

Tumelala Dakawa. Niliomba nilale garini, nilinde mali. Mansuri kaumia. Kaniuliza watu watasemaje, mkwe wao alale nje kama asiye na watu, kwani wamenikosea nini? Nimepewa kitanda chake, yeye na wanawe wamelala chini kwenye mkeka. Godoro lilikuwa zuri, lakini usingizi sikuupata kwa haya.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeamka na nia. Nimewasha gari mapema. Mansuri kaja mbio kuuliza mgeni anaondokaje na kuku hajachinjwa. Kuku mwenyewe alikuwa bado anatembea. Tumengoja kuku akamatwe, achinjwe, aive na aliwe. Kisha kikaja cha njia, gunia la mchele wa Dakawa, mchele mpya unaonukia. Huwezi kukataa mchele wa watu. Gari likakaa chini kwa nyuma kama kuku anayetaga.

Kabla ya Magole tairi limepasuka. Tulipomaliza kubadilisha jua lilishainama, na Magole ndugu walishatuona. Nyumba yao ni ndogo, wanawake wakalala ndani. Moyoni nikashangilia. Leo ni leo, nalala kwenye Nyumba Tembezi! Nimefungua mlango. Kitanda changu kimelaliwa na mchele. Cha wanawake kimelaliwa na ndizi. Kwenye njia ipo meza ya Godlisten, na ndani ya kioo chake yupo mzee kashika mto. Nimelala chini ya gari juu ya turubai, na mbwa wa watu.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo kwa mujibu wa ratiba tulipaswa kuingia Singida. Tumeingia Gairo. Kwenye kile kilima cha kuingilia, springi ya nyuma imekatika kwa mlio ambao Bi Mosi aliuitikia kwa innalillahi. Fundi, kijana anaitwa Mikaeli, kachungulia chini, kachungulia ndani, kisha kaniuliza kama tunahama. Springi itatoka Morogoro kwa basi, kesho.

Nikiwa nimekaa juu ya jiwe simu ikalia. Hafidhi. Ameondoka Morogoro leo asubuhi na ameshafika Singida, ameshaoga, anakula. Kaongea kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniudhi. Kasema kaka, mambo ya njiani yana Mungu. Kama vipi nimpe uwakala kwa simu, sheikh kasema inafaa, yeye amuozeshe mtoto kwa niaba yangu. Nimemwambia kwamba nimemlea mimi, nimemsomesha mimi, na nitamuoza mimi. Sihitaji wakala, nahitaji springi.

Kisha akapiga Mwanvita mwenyewe. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Kasema taratibu, baba, si uje tu na basi. Nikamwambia kesho jioni ataiona Nyumba Tembezi mlangoni. Akasema haya baba, nakungoja. Gairo kuna upepo na baridi, macho yanatoa maji ovyo.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimesalitiwa. Asubuhi Maimuna katoka na begi moja, Bi Mosi na begi moja. Hatimaye wameifuata sheria yangu, ila wameifuata kuelekea kituo cha basi. Maimuna kasema binti yake hawezi kupambwa na wageni. Kanitaka niache gari, nipande nao. Nimemweleza kwamba nahodha hakimbii chombo, na kwamba kuna meza ya watu humu, na mchele. Kaniambia mchele hauolewi kesho. Bi Mosi kapita karibu yangu akitazama chini, kaacha neno moja: fenesi lisisahaulike, limeshaanza kuiva.

Wameondoka. Nimebaki nimeshika spana ambayo siijui kazi yake.

Springi imekuja baada ya swala ya Ijumaa. Ni ya gari jingine. Mikaeli kaigeuza huku na huku, kasema nyingine labda Jumapili. Nikaingia ndani ya gari nikavaa kanzu ya kesho ili nione kama inakaa. Mbele ya meza ya Godlisten nikajitazama. Nikajaribu maneno: nimekuoza binti yangu Mwanvita. Sauti ilikatika kwenye jina. Nikarudia, ikakatika palepale. Ndizi zilikuwa zikinitazama. Hapo nikajua, gari libaki, mchele ubaki, hata ratiba ibaki. Kesho mimi nipo Singida.

Jumamosi, 23 Agosti

Mabasi yote yanafika Gairo yamejaa. Nimepata lori la vitunguu. Mbele walishakaa watu, nikapanda juu ya magunia, kanzu ndani ya mfuko, fenesi mapajani. Kwa kweli fenesi nilitaka kuliacha. Nilishafika barabarani nikarudi kulichukua.

Lori lilitembea kwa mwendo wangu hasa, wa pole. Nimewachukia watu wote wanaotembea mwendo huo. Adhuhuri ilinikuta Manyoni. Simu ilizimika. Nikaanza kumwombea Hafidhi asikosee jina la mtoto wangu.

Nimeingia Singida alasiri, mwili mzima vitunguu. Nikavaa kanzu nyuma ya lori. Nikafika uani kwa dada yangu nikitegemea kukuta watu wanakula. Nikawakuta wamekaa kwenye majamvi, wanatazama lango. Sheikh kaweka tasbihi chini. Bwana harusi, Twalibu, jasho linamtiririka kama anayengoja matokeo ya mtihani. Na pale mbele yake, mahali pangu, kakaa Hafidhi.

Dada kaninong'oneza. Sheikh alitaka kufunga ndoa tangu adhuhuri, Hafidhi alishaandaliwa. Mwanvita katuma neno kutoka ndani. Kasema baba yake alimwambia anakuja, kwa hiyo anakuja, na kama ni mpaka Isha basi ni mpaka Isha.

Hafidhi kanyanyuka. Kaniondoa ganda la kitunguu kwenye kofia, kanipangusa bega, kaniambia kaka, kaa. Nikakaa. Nikaushika mkono wa kijana. Nikasema yote bila kukatika, mpaka kwenye jina, hapo nikakatika. Sheikh akanisubiri. Watu wakanisubiri. Nikalisema.

Baadaye nimeingia ndani kumwona. Hina, dhahabu, uzuri wa mama yake. Kanikumbatia, kisha kavuta pumzi akauliza hilo linalonukia ni nini. Bi Mosi kalipasua fenesi palepale, bi harusi kala kwa mikono yote miwili, wapambaji wanapiga kelele kwa sababu ya ulimbo kwenye hina. Mimi nililia waziwazi. Nimesema ni vitunguu.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimepumzika, nimefikiri kwa akili iliyotulia. Mahesabu ni haya. Anayechelewa ni yule anayekuta jambo limekwisha. Mimi nilipofika jambo lilikuwa halijaanza. Kwa hiyo sikuchelewa. Ratiba ilikuwa sahihi tangu mwanzo, hata bi harusi aliifuata.

Kasoro ilikuwa moja tu, nafasi. Nitachomelea tela. Tela litakuwa chumba cha mama mkwe, na mlango wake, na choo chake mbali na upepo wangu. Nimeshachora. Mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Kigoma, siku tisa, kwa raha zetu. Nimemweleza Hafidhi, akaniuliza tarehe gani hasa, ili akate tiketi ya basi mapema.

Wakwe wa hapa wamenipa kuku watano wa Singida na madumu ya mafuta ya alizeti. Nimepokea bila wasiwasi, gari lipo Gairo, nafasi tele. Nitawabeba kwenye basi mpaka Gairo, niweke springi, nirudi Dodoma kuipeleka meza ya Godlisten, maana Dodoma nimeshapita bila hiyo meza, kisha niteremke Bigwa polepole. Siku tatu. Nne, tukila kuku kwa Mansuri.

Nimemwita Maimuna aanze kufungasha. Dada kasema Maimuna alishafungasha tangu alfajiri, begi moja, na sasa hivi yuko stendi na mama yake wanangoja basi la Morogoro. Namhurumia. Jioni ya leo atakuwa yuko nyumbani, na njiani hajaona kitu.